Kutolewa Wengu kwa Upasuaji wa Matundu Madogo kwa Wenye Magonjwa ya Damu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akiambiwa kwamba atatolewa wengu, huanza kwa kuuliza habari za kisu: nitapasuliwa wapi, kovu litakuwa kubwa kiasi gani, nitalazwa siku ngapi. Ana haki ya kuuliza, na majibu yamo humu. Lakini yapo mambo mawili mazito kuliko upasuaji wenyewe. La kwanza ni kujua kama kweli wengu ndio unaokuletea shida. La pili ni namna utakavyoishi bila wengu, hasa siku utakayopata homa. Kwa hiyo usishangae ukikuta majibu mengine ni mafupi na mengine yamerefuka.

Wengu ni nini, na una kazi gani mwilini?

Wengu, ambao wengi huuita bandama, ni kiungo laini chenye rangi ya zambarau, kilichojificha juu kabisa upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima mwenye afya una urefu wa sentimita 11 hivi na uzito wa gramu 150 hivi. Kwa kawaida daktari akikupapasa tumbo haupati. Akiugusa chini ya mbavu, mara nyingi ni dalili kwamba umekua.

Una kazi tatu kubwa. Kwanza ni chujio: damu hupitishwa kwenye vipenyo vyembamba sana, chembe nyekundu changa hujikunja na kupenya, zilizozeeka au zenye kasoro hunaswa na kuvunjwa. Pili ni ghala: karibu theluthi moja ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hukaa humo. Tatu ni ngome: wengu hutengeneza kingamwili na kuwanasa bakteria wenye ganda la nje, ambao sehemu nyingine za mwili hupata taabu kuwakamata. Ukitolewa wengu, kazi mbili za kwanza utaishi vizuri bila kuzihisi. Pengo utakalolibeba ni la kazi ya tatu.

Ugonjwa wangu uko kwenye damu. Kwa nini nitolewe kiungo cha tumboni?

Kwa sababu kasoro inaweza kuwa kwenye damu au kwenye kinga ya mwili, lakini uharibifu ukafanyika ndani ya wengu. Uboho kwenye mifupa hutengeneza chembe za damu usiku na mchana, nazo zikipita kwenye wengu zinavunjwa kabla ya wakati wake. Mahali pa kuvunjwa pakiondolewa, chembe zilezile, hata zikiwa na kasoro yake, huishi muda mrefu zaidi.

Mwaka 1916, mjini Prague, Paul Kaznelson, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, aliwashauri wakubwa wake wamtoe wengu mwanamke aliyekuwa akivuja damu kwa upungufu wa chembe sahani. Zikapanda ghafla. Tangu hapo upasuaji huu umekuwa mojawapo ya tiba za ugonjwa huo, na hoja yenyewe haijabadilika: ugonjwa mara nyingi unabaki pale pale, kinachoondolewa ni mahali unapofanyia madhara.

Ni magonjwa gani ya damu yanayoweza kuhitaji wengu utolewe?

Linaloongoza ni upungufu wa chembe sahani unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe, ambao hospitalini utausikia ukitajwa kwa herufi ITP. Kinga hupaka kingamwili juu ya chembe sahani, na wengu huzila. Mgonjwa huota madoa madogo mekundu, hupata michubuko bila kugongwa, fizi na pua hutoka damu, na wanawake hupata hedhi nzito isiyokatika.

Linalofuata ni sferositosisi ya kurithi. Chembe nyekundu, badala ya kuwa bapa kama kisahani, huwa duara kama gololi, haziwezi kujikunja, zinakwama kwenye wengu na kuvunjwa. Matokeo yake ni upungufu wa damu, macho ya manjano, na mawe kwenye mfuko wa nyongo hata kwa mtoto. Ni ugonjwa ambao upasuaji huu huutuliza vizuri kuliko karibu mwingine wowote.

Kuna pia anemia ambayo kinga ya mwili huvunja chembe nyekundu. Hapa iulizwe ni aina gani. Ile inayofanya kazi kwenye joto la mwili huharibu chembe ndani ya wengu, na upasuaji unaweza kusaidia dawa zikishindwa. Ile inayochochewa na baridi huharibu chembe zaidi kwenye ini, na kutoa wengu hakumsaidii mgonjwa. Majina ya magonjwa haya mawili yanafanana kiasi cha kumchanganya mtu, kwa hiyo hakikisha kipimo cha kutofautisha kimefanyika.

Kwenye thalasemia, ugonjwa wa kurithi ambao mwili haitengenezi vizuri himoglobini ya chembe nyekundu, wengu hukua na kuanza kumeza hata damu mgonjwa anayoongezewa. Daktari huanza kufikiria upasuaji mahitaji ya damu yanapozidi takribani mililita 200 hadi 220 za chembe nyekundu kwa kila kilo ya uzito kwa mwaka, ingawa siku hizi hushauriwa kusubiri kadiri inavyowezekana, kwa kuwa mgonjwa wa thalasemia aliyetolewa wengu huwa katika hatari zaidi ya damu kuganda kwenye mishipa na ya presha kupanda ndani ya mishipa ya mapafu.

Kwenye selimundu (sikoseli), sababu kubwa ni ya watoto wadogo. Wengu hujaa damu kwa ghafla, tumbo linavimba upande wa kushoto, mtoto anapauka na kulegea, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Mtoto aliyenusurika mara moja yuko hatarini kupatwa tena. Ndiyo maana wazazi hufundishwa kupapasa wengu wa mtoto nyumbani, na tukio likijirudia au likiwa kali sana, upasuaji hujadiliwa. Kwa wengi wenye selimundu, kadiri umri unavyosonga wengu hunyauka wenyewe na kubaki kovu.

Kisha kuna limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, na baadhi ya saratani za damu, ambako wengu hutolewa ili kupata uhakika wa ugonjwa au kumpunguzia mgonjwa uzito na maumivu tumboni.

Na kuna ugonjwa mmoja adimu ambao wengu *usitolewe*: stomatositosisi ya kurithi. Unaweza kufanana na sferositosisi, lakini wakitolewa wengu wagonjwa hawa hupata madonge hatari ya damu kwenye mishipa. Hii ni sababu nyingine ya kutokimbilia chumba cha upasuaji kabla jina la ugonjwa halijathibitishwa.

Je, ni lazima? Dawa hazitoshi?

Mara nyingi dawa hutangulia, na ndivyo inavyopasa iwe. Kwa ITP huanza steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Zikishindwa, au mgonjwa akishindwa kuziacha bila chembe sahani kuanguka, kuna rituksimabu, dawa inayopunguza chembe za kinga, na dawa zinazouchochea uboho kutengeneza chembe sahani, kama eltrombopagi na romiplostimu. Mwongozo wa sasa ni kungoja angalau miezi 12 tangu ugonjwa ugunduliwe kabla ya kutoa wengu, kwa sababu wapo ambao ugonjwa hujiondokea wenyewe katika kipindi hicho. Wengu ukishatolewa haurudishwi.

Hata hivyo upasuaji usitazamwe kama mkono wa mwisho wa mtu aliyekata tamaa. Mgonjwa aliyemeza steroidi miaka miwili, uso umevimba, sukari imepanda, mifupa imeanza kudhoofu, amekwisha kulipa gharama kubwa kwa kukwepa upasuaji. Muulize daktari wako swali hili wazi: nikiendelea na dawa hizi mwaka mmoja zaidi zitanifanyia nini, na nikitolewa wengu nitakabiliana na nini?

Nitapona kabisa?

Inategemea ugonjwa. Mwenye sferositosisi karibu kila mara huona damu yake ikipanda na umanjano ukipungua, ingawa chembe zinabaki duara na anaweza kumrithisha mtoto. Mwenye ITP ana matumaini mazuri: takribani wagonjwa wawili kati ya watatu hupata mwitikio kamili, na wengi wao hudumu nao kwa miaka. Yule mmoja wa tatu ama haitikii ama ugonjwa unamrudia, na hakuna kipimo cha kawaida kinachoweza kusema mapema nani ataangukia upande upi. Vijana huelekea kufanya vizuri kuliko wazee.

Upasuaji wa matundu madogo una tofauti gani na ule wa kawaida?

Upasuaji wa wazi huhitaji mkato mrefu, katikati ya tumbo au kufuata ukingo wa mbavu za kushoto. Wa matundu, yaani laparoskopia, hutumia matundu matatu au manne yenye upana wa milimita 5 hadi 12. Tundu moja huingiza kamera, mengine vifaa vyembamba, na daktari anafanya kazi akitazama kwenye skrini. Wengu ulitolewa kwa njia hii kwa mara ya kwanza nchini Ufaransa mwaka 1991, na leo ndiyo njia inayopendekezwa kwa wagonjwa wengi wa damu wenye wengu wa ukubwa wa kawaida au uliokua kiasi.

Faida ni maumivu machache, kupumua vizuri mapema, kidonda kidogo na kurudi nyumbani haraka. Kwa mtu ambaye steroidi zimechelewesha uponyaji wa ngozi yake, kidonda kidogo ni jambo kubwa. Lakini ndani ya tumbo kazi ni ileile. Udogo wa matundu nje usikufanye uamini kwamba ni upasuaji mdogo.

Kuna wasiofaa kwa njia hii?

Wapo. Mwenye ini lililosinyaa na presha kubwa katika mshipa wa damu uendao kwenye ini ana mishipa iliyofura kuzunguka wengu, na kuvuja kwake damu huwa kwa kutisha. Mwenye moyo au mapafu dhaifu sana huenda asistahimili gesi inayojazwa tumboni. Aliyewahi kupasuliwa tumbo la juu anaweza kuwa na makovu yaliyogandana ndani, ingawa hilo peke yake halimzuii kila mtu.

Wengu wangu umefika kitovuni. Bado naweza kupita matunduni?

Ukubwa ndio kipimo kinachowaumiza vichwa madaktari wapasuaji. Ukipita sentimita 20 hivi, nafasi ya kugeuza vifaa hupungua na hatari ya kuvuja damu hupanda. Baadhi ya madaktari hufungua tundu moja kubwa kiasi cha kuingiza mkono, mkono huo ukaushika wengu huku kazi nyingine ikiendelea kwa kamera. Wengine huomba mshipa unaoulisha wengu uzibwe kwanza na mtaalamu wa mionzi ili usinyae. Na kwa wengu mkubwa mno, mkato wa wazi tangu mwanzo unaweza kuwa ndio uamuzi wa busara. Daktari anayekwambia hivyo hajashindwa kazi; amekupima.

Nitapimwa nini kabla?

Damu kamili, kundi la damu na akiba iliyolinganishwa nayo, uwezo wa damu kuganda, altrasaundi au CT kupima urefu wa wengu. Kama una ugonjwa wa kuvunja chembe nyekundu, mfuko wa nyongo uangaliwe pia. Ukiwa na mawe yanayosumbua, unaweza kutolewa katika usingizi huohuo.

Picha hizo pia hutafuta wengu wa ziada. Watu wengi kiasi, kati ya 1 na 3 katika kila 10 kutegemea nani anahesabu na anatafutaje, wana kijiwengu kimoja au zaidi cha ukubwa wa punje au gololi kando ya ule mkubwa. Picha hazivioni vyote, kwa hiyo daktari huvitafuta tena kwa kamera kabla hajaanza kukata. Kikiachwa hukua na kuendelea na kazi ileile uliyopasuliwa ili uikomeshe.

Chanjo zipi, na lini?

Hili lisipite bila kukamilishwa. Unahitaji chanjo dhidi ya bakteria watatu: nyumokokasi, msababishaji mkuu wa nimonia, meningokokasi wa homa ya uti wa mgongo, aina A, C, W na Y, na ya aina B pale inapopatikana, na himofilasi aina ya b. Kila mwaka uongeze ya influenza, kwa kuwa mafua makali hufungua mlango kwa bakteria.

Zitolewe angalau wiki 2 kabla ya upasuaji, wakati wengu ungali upo kusaidia kutengeneza kinga. Upasuaji ukiwa wa dharura, huchomwa wiki 2 baadaye. Mtego uko hapa: mgonjwa aliyepewa rituksimabu hupoteza uwezo wa kujenga kinga kutokana na chanjo kwa miezi 6 au zaidi. Ukiona mazungumzo ya tiba yako yanaelekea kwenye rituksimabu na wengu pia umetajwa, uliza kama chanjo zinaweza kutangulia. Na baadhi ya chanjo hizi hurudiwa baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo kadi yake itunzwe kama cheti cha kuzaliwa.

Chembe sahani zangu ni 15,000 tu. Si nitavuja damu mezani?

Hofu hii ni ya haki, maana kiwango cha kawaida huanzia 150,000 kwa mikrolita. Siku chache kabla, madaktari hujaribu kuzipandisha kwa steroidi au kwa dripu ya kingamwili, wakilenga kuvuka 50,000. Zikikataa kupanda, upasuaji bado unawezekana mikononi mwa mzoefu. Kwa ITP, chembe sahani za kuongezewa huwekwa tayari lakini kwa kawaida hazitundikwi mpaka mshipa mkuu wa wengu ubanwe. Zikitundikwa mapema, wengu huzila kama ulivyokula zako. Mshipa ukishafungwa zinabaki kwenye damu na kufanya kazi, na mara nyingi hata zako mwenyewe huanza kupanda kabla hujaamka.

Kama unameza steroidi kwa muda mrefu, usiziache kwa ghafla kwa sababu unaingia kupasuliwa. Mwili wako umesahau kutengeneza zake, na siku hiyo utahitaji nyongeza. Hakikisha daktari wa usingizi analijua hilo.

Ndani ya chumba cha upasuaji hufanyika nini hasa?

Utapewa nusu kaputi, usingizi kamili. Utalazwa kwa ubavu wa kulia, mkono wa kushoto umeinuliwa, ili viungo vingine viteremke kwa uzito wake na wengu ubaki ukining'inia peke yake. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi kupata nafasi ya kufanyia kazi.

Daktari huanza kwa kulikagua tumbo lote akitafuta vijiwengu. Kisha huachanisha wengu na utumbo mpana, na figo, na kiwambo, msuli wa kupumulia ulio juu yake, akitumia kifaa kinachochoma na kuziba mishipa midogo. Hatua ya kushikilia pumzi ni mlango wa wengu, mahali ateri na vena zake zinapoingilia. Hapo ncha ya kongosho huwa karibu sana, pengine imegusa kabisa. Mishipa hiyo hubanwa kwa kifaa kinachopiga pini na kukata kwa pamoja, au kwa klipu.

Halafu wengu huingizwa kwenye mfuko imara ndani ya tumbo, mdomo wa mfuko unavutwa hadi tunduni, na wengu hupondwa humo na kutolewa vipande. Mfuko ukipasuka na vipande vikamwagika, vinaweza kuota tumboni na ugonjwa ukarudi. Pale ambapo maabara inahitaji kuuona wengu mzima, kwa mfano limfoma ikishukiwa, hutolewa bila kupondwa kupitia mkato mkubwa kidogo. Kazi yote kwa kawaida huchukua kati ya saa moja na nusu na saa tatu.

Nikiamka nikakuta mkato mrefu?

Maana yake daktari alikutana na damu au makovu asiyoweza kuyamudu kwa kamera, akachagua usalama wako. Huwatokea wagonjwa wachache katika kila mia, zaidi wenye wengu mkubwa. Fomu ya ridhaa utakayotia sahihi italitaja.

Nitalazwa siku ngapi, na maumivu je?

Wengi huondoka baada ya siku 1 hadi 3. Utakunywa na kula kidogo siku hiyohiyo au kesho yake. Bega la kushoto linaweza kuuma ingawa hakuna aliyeligusa: ni gesi na mwasho chini ya kiwambo, mishipa ya fahamu ikipeleka habari begani. Huisha kwa siku chache. Kazi ya kukaa wengi huirudia baada ya wiki 1 hadi 2. Kubeba mizigo kusubiri wiki 4 hivi, au kadiri utakavyoelekezwa. Tembea mapema na vuta pumzi ndefu, kwa sababu sehemu ya chini ya pafu la kushoto hupenda kusinyaa baada ya upasuaji huu.

Ni hatari zipi nizijue?

Kuvuja damu, usaha chini ya kiwambo, na kujeruhiwa kwa ncha ya kongosho kiasi cha kuvuja maji yake.

Kuna moja isiyosemwa vya kutosha. Damu inaweza kuganda ndani ya vena ya wengu iliyokatwa, na donge likakua kuelekea vena kuu iendayo kwenye ini. Hutokea katika siku na wiki za kwanza, mara nyingi mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani, na dalili zake ni za kudanganya: tumbo kuuma bila kueleweka, homa ndogo, kichefuchefu, hamu ya kula kupotea. Anayeyachukulia kama maumivu ya kidonda atachelewa. Walio hatarini zaidi ni waliokuwa na wengu mkubwa, wenye magonjwa ya kuvunja chembe nyekundu, na wenye saratani za uboho. Altrasaundi ya mishipa au CT huonyesha, na dawa za kuyeyusha damu hutibu likiwahiwa. Maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua ni sababu tosha ya kurudi hospitali.

Chembe sahani zimepanda hadi laki nane. Ni ugonjwa mpya?

Hapana. Ghala limeondoka, kwa hiyo zote ziko barabarani. Hufika kilele kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, kisha hushuka taratibu. Zikivuka milioni moja, daktari anaweza kukupa aspirini ya dozi ndogo. Chembe nyeupe nazo hubaki juu kidogo, na daktari mwingine asiyejua historia yako anaweza kudhani una maambukizi, basi mwambie.

Mwanangu ana miaka 4. Afanyiwe sasa?

Inapowezekana, watoto hungojewa wavuke miaka 5 au 6, kwa sababu mtoto mdogo bila wengu ndiye anayeshambuliwa vibaya zaidi na bakteria. Somo hili liliandikwa kwa machozi: mwaka 1952, madaktari King na Shumacker walieleza habari za watoto wachanga 5 waliotolewa wengu kwa sferositosisi kisha wakapata maambukizi mazito. Kabla ya hapo wengi waliamini wengu ni kiungo ambacho mtu hakihitaji. Kuna hali chache zisizongoja, kama wengu wa mtoto mwenye selimundu unaojaa damu mara kwa mara. Na baadhi ya vituo hutoa sehemu kubwa tu ya wengu na kuacha kipande kidogo kiendelee kulinda, njia inayofaa zaidi kwenye sferositosisi.

Nikipata homa baada ya kutolewa wengu, nifanye nini?

Nenda hospitali saa hiyohiyo. Usingoje kupambazuke, usingoje uone kama itashuka.

Sababu ni hii. Bila wengu, bakteria kama nyumokokasi wanaweza kuzaliana kwenye damu kwa kasi isiyo ya kawaida. Mtu huanza na kile kinachofanana na mafua: baridi, mwili kuuma, kichwa, kutapika, pengine kuharisha. Saa chache baadaye presha imeanguka. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, na hata kwa matibabu ugonjwa huu umeua hadi nusu ya wanaoupata. Hutokea kwa nadra, na hatari ni kubwa zaidi miaka 2 hadi 3 ya mwanzo, lakini haiishi kabisa. Wapo waliopatwa miongo kadhaa baada ya upasuaji.

Joto likifika nyuzi 38, au ukitetemeka kwa baridi hata kipimajoto hakipo, meza dozi ya kwanza ya antibiotiki ya akiba uliyopewa na daktari wako, kisha uondoke. Dozi hiyo ni ya kukufikisha, si ya kukubakisha nyumbani. Mapokezi sema sentensi moja kabla ya nyingine zote: "Sina wengu, nina homa." Utahitaji antibiotiki ya mshipani bila kungojea majibu ya maabara.

Na kwa walio katika maeneo ya malaria nasisitiza jambo moja: kipimo cha malaria kikiwa chanya, bado hakijaondoa uwezekano wa bakteria kwenye damu. Unaweza kuwa na vyote viwili. Omba kutibiwa kwa vyote mpaka ijulikane vinginevyo.

Wafundishe watu unaoishi nao haya, kwa sababu saa hiyo ikifika huenda usiwe na akili timamu ya kujieleza. Kadi ndani ya pochi au bangili yenye maneno "sina wengu" itakusemea.

Nitameza antibiotiki kila siku maisha yote?

Madaktari hawakubaliani katika hili. Watoto hupewa penisilini ya kila siku angalau mpaka miaka 5, mara nyingi zaidi. Watu wazima wengi hupewa kwa mwaka 1 hadi 3 ya mwanzo, na wenye kinga dhaifu zaidi au waliowahi kupata maambukizi mazito huendelea maishani. Jambo ambalo halina ubishi ni dozi ya akiba: iwe nyumbani, iwe safarini, isiwe imeisha muda wake.

Kuna mambo ya kila siku ya kubadilisha?

Machache. Chakula hakina mwiko. Michezo, tendo la ndoa na kuzaa haviathiriwi na kukosa wengu, ila mwenye ITP anayebeba mimba afuatiliwe, kwa kuwa kingamwili zake zinaweza kumfikia mtoto tumboni hata kama chembe sahani za mama ni za kawaida. Malaria huwa kali zaidi, kwa hiyo chandarua kila usiku, na dawa ya kinga ukisafiri kwenda kwenye malaria. Ukiumwa na mbwa, hata kama ni mbwa wako na jeraha ni dogo, nenda ukapewe antibiotiki: kuna bakteria wa mdomoni mwa mbwa ambaye kwa mtu asiye na wengu huingia kwenye damu. Kupe nao waepukwe.

Nilipona miaka mitatu, sasa chembe sahani zimeanza kushuka tena. Kwa nini?

Mojawapo ya sababu ni kijiwengu kilichosahaulika ambacho kimekua. Kipimo rahisi cha kuanzia ni kuitazama damu kwa hadubini. Chembe nyekundu za mtu asiye na wengu huwa na vidoadoa vidogo ambavyo wengu ungevinyofoa. Vidoa hivyo vikiwa vimetoweka, kuna tishu ya wengu inayofanya kazi mahali fulani, na picha maalumu ya nyuklia huweza kuionyesha. Kingine ni kwamba ini limechukua kazi ya kuvunja chembe, na hapo unarudi kwenye dawa. Baadhi ya dawa zilizokushinda mwanzo hufanya kazi sasa, kwa hiyo zijaribiwe upya.

Nilitolewa wengu miaka kumi iliyopita na sikuchanjwa. Nimeshachelewa?

Hujachelewa. Chanjo zilezile huchomwa wakati wowote baada ya upasuaji na bado hujenga kinga. Nenda kliniki wiki hii, eleza kwamba huna wengu, waombe waanze na ya nyumokokasi kama zote hazipo siku hiyo, na uondoke na tarehe ya kurudia iliyoandikwa pamoja na cheti cha dawa ya akiba.